Mama Alisema Ameanguka

Kila asubuhi nilifuta meza kwa kitambaa kilekile, nikaweka kikombe cha chai mbali na karatasi, kisha nikavuta faili la juu. Siku hiyo, ilipofika saa nne, la juu lilikuwa la mama.

Nilikuwa nimemwacha nyumbani akichechemea. Alisema ameteleza kwenye ngazi ya mlangoni, na baba akaahidi kumleta hospitali. Kazi yangu, katika chumba cha kumbukumbu, ilikuwa kuugeuza ugonjwa wa kila mtu kuwa msimbo: herufi na tarakimu chache zinazosema ni mfupa gani, mguu upi, na umevunjikaje. Huwezi kuandika "mguu" tu ukaenda zako.

Daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa ameanguka. Msoma picha za eksirei aliandika mengine: ufa mwembamba katika mfupa wa wayo, na pembeni yake mfupa mpya ulioanza kuota. Mguu huo haukuvunjika jana. Ulichoka taratibu, kama wa mtu anayetembea kupita kiasi kila siku. Kuanguka kuna msimbo wake, uchovu wa mfupa una wake, na maelezo yakipingana hatuchagui sisi. Faili linarudi kwa daktari.

Chai ilipoa. Kila alasiri mama alituaga kwamba anakwenda kwenye kikundi cha ushonaji. Kaka alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa mji tangu baba alipomfukuza, na jina lake halikutajwa tena mezani kwetu. Nilipomtembelea niliona mashati yake yamekunjwa, mikono ikiwa nyuma, vilevile mama anavyokunja. Nikadhani amejifunza. Gari mama angepandaje, wakati kila nauli baba aliiuliza ni ya wapi?

Msimamizi wetu tulimwita Bi Nukta, kwa kuwa hakuna msimbo uliokosa nukta uliowahi kumpita. Alinisoma usoni.

"Wa kwako?"

"Mama."

"Basi toa mkono, mwanangu. Faili la ndugu hatuligusi." Alisoma mwenyewe, akamwandikia daktari swali, akanirudishia. "Kulipeleka unaweza. Miguu yako bado mizima."

Njia nzima niliomba daktari awe ametoka.

Alikuwepo. Mama alikaa kitandani katika chumba cha plasta, na baba alisimama kando yake, kaukumbatia mkoba mweusi wa mama kama mtoto wa watu. Daktari alisoma lile swali, akamuuliza mama kama kweli alianguka. Baba ndiye aliyejibu: ile ngazi ameisema siku nyingi, hakuna anayemsikia. Mama akanitazama. Macho yake yaliniomba ninyamaze, na kunyamaza ndicho kitu nilichokiweza kuliko vyote.

Daktari hakubishana. Alisema vyovyote iwavyo, mama hatatembea kwa wiki kadhaa. Msalani na kurudi, basi.

"Wiki?" mama aliuliza. "Sasa nani atakwenda?"

"Kwenda wapi?" baba akacheka kidogo. "Cherehani itakungoja, mama watoto."

Mama alishika ukingo wa kitanda. Mengi ya mwaka ule yamenitoka, lakini namwona bado anavyomgeukia baba.

"Sikuanguka," akasema. "Nilikuwa nakwenda kwa mwanangu. Kila siku, kwa miguu. Sasa siwezi tena, baba watoto. Nataka arudi nyumbani."