Bibi Arusi Aliyenyamaza Chaka

"Mchezo usiosimamisha Chaka hauingii ukumbini." Hiyo ndiyo sheria ya Mzee Theuri, msimamizi wa Ukumbi wa Kilima mjini Nyeri. Kila mchezo mpya hupelekwa kwanza Chaka siku ya soko, uchezwe hapo hapo kwenye matope, wauzaji wakiendelea na shughuli zao. Mzee husimama kando, na wala hatazami waigizaji. Anatazama mikono ya wauzaji. Mikono ikiendelea kupima viazi, mchezo umekufa. Ikisimama, umeiva. Ndivyo ulivyoiva "Shemeji wa Kagio", uliokwenda Nairobi ukarudi na kikombe. Ndivyo ulivyoiva "Chama cha Wajane", ambao watu wa Kiganjo walikataa kwenda nyumbani mpaka uchezwe tena toka mwanzo.

Safari hii zamu ilikuwa ya Wakiuru. Miaka yote alikuwa ameigiza michezo ya wengine. Huu aliutunga mwenyewe, kwa mdomo, akiwasimulia wenzake wakila githeri nyuma ya jukwaa. Ulikuwa mchezo wa ruracio, siku ile wazee wanapokaa kuzungumzia mahari. Wazee wanabishana, mashangazi wanabishana, na bibi arusi amekaa kimya, amefunikwa leso pamoja na wasichana wengine. Bwana arusi lazima amchague. Akikosea, faini. Akipatia, bibi arusi anajifunua na kusema neno lake, na kwa ajili ya neno hilo Wakiuru alikuwa ameutunga mchezo mzima. Chaka wakiukataa, halingesemwa mahali popote.

Bibi arusi alikuwa Wakiuru mwenyewe, na bwana arusi alikuwa Yasin, kijana wa Majengo, mzuri wa sura na mwoga wa makosa. Leso za kikundi zilikuwa nzito, hazionyeshi kitu ila miguu, kwa hivyo walipatana mapema. "Wewe tafuta gambuti zangu, hizi buti za mpira," Wakiuru alimwambia. "Wengine watakuwa na viatu vya kawaida." Kwenye sakafu safi ya ukumbi, Yasin hakukosea hata mara moja.

Lakini siku ya soko ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha Chaka usiku kucha.

Gikonyo, aliyeigiza mjomba wa bwana arusi, aliita kama walivyopanga: "Akina mama, tuazimeni wasichana wa kukaa na bibi arusi!" Badala ya wasichana wakaja wauza viazi, wakubwa kwa wadogo, wakiongozwa na Tabby, mjane mwenye sauti ya kuita wateja walio ng'ambo ya barabara. Wakapangwa kwenye benchi, wakafunikwa. Chini ya leso yake, Wakiuru aliinamisha macho akaona miguu ya jirani, kisha ya jirani wa jirani. Gambuti. Benchi nzima, gambuti tupu.

Yasin akaja, akatazama chini, akatazama tena. Akaanza kutoka jasho na baridi ile.

"Chukua moja, kijana!" mtu akapiga kelele. "Hii si miwa unachagua!"

Yasin akafumba macho, akavuta leso. Akatokea Tabby, meno yote nje.

"Mimi nimekubali!" akasema. "Twende kwenu. Lakini nakuja na watoto yangu yote na punda."

Soko likalipuka. Gikonyo akajaribu kuokoa mambo. "Ngoja kidogo, mama. Huyu kijana yetu ameona vibaya..."

"Ati ameona vibaya? Bibi yake mchana hivi hamjui, na giza ikiingia je? Faini!"

"Faini! Faini!" wakaitikia wauza kabichi.

"Abebe waru yangu mpaka kwa ile lori," Tabby akakata shauri. Basi Yasin, na suti yake ya arusi, akajitwika gunia la viazi, akina mama wakimsindikiza kwa vigelegele. "Polepole, baba! Hiyo ndiyo mahari ya kwanza!"

Wakiuru alibaki kwenye benchi, amefunikwa. Akijifunua sasa, neno lake lingemezwa na kicheko. Akichelewa, watu wangerudi kwenye biashara. Akachungulia penye upenyo wa leso. Mikono yote ya soko ilikuwa imesimama. Mwanamke mmoja alishika debe hewani, halimwagi wala halishuki. Na Mzee Theuri alikuwa anafuta machozi kwa kofia.

Wakiuru akainuka, leso bado kichwani, akatembea taratibu kuelekea pikapu ya ukumbi.

"Eeh! Bibi arusi anaenda!"

"Wee msichana, umekubali ama umekataa?"

Akapanda nyuma ya pikapu, akawageukia. "Jibu langu siwezi kutoa kwa matope. Nitatoa Jumamosi, Nyeri, ukumbini. Mwenye anataka kujua, akuje."

"Ai! Huyu ni mkora!" Tabby akacheka mpaka akashika kiuno.

Njiani Mzee Theuri akanuna. "Wakiuru, sijawahi kuingiza ukumbini mchezo wenye Chaka hawajaona mwisho."

"Guka," Wakiuru akamjibu, kama mjukuu anavyomwita babu yake, "ulisema mchezo usimamishe Chaka. Hukusema umalizikie huko."

Wakapita Kiganjo. Hapo Mzee akamtazama kwa pembe ya jicho. "Kwani huyo msichana anakubali ama anakataa?"

"Jumamosi, guka."

Jumamosi wakaja. Chaka ilijaa lori zima, na ukumbi ukafurika mpaka watu wakasimama ukutani. Yasin alichagua sawasawa, na watu wa Chaka wakalalamika kwamba wamenyimwa faini. Kisha Wakiuru akajifunua.

"Wazee wameongea tangu asubuhi," akasema. "Mbuzi wametajwa wote, na rangi zao. Mimi jina langu halijatajwa hata mara moja. Sasa wewe, niulize kwa jina."

Yasin akapiga goti, akamwita kwa jina la bibi arusi wa mchezo. "Watiri, utakubali kuwa wangu?"

Kabla hajajibu, Tabby akasimama kule mbele. "Usimjibu haraka, mwanangu! Wacha angoje!"

"Angoje!" ukumbi wote ukaitikia, na sauti ya Mzee Theuri mlangoni ikasikika juu ya zote.

Wakiuru akaanza kuikunja leso, pindo kwa pindo, bila haraka yoyote.