Kioo cha Mnarani

Mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, kaka yangu Matano alikwenda dago, kambi ya wavuvi kule kisiwani Shungimbili, na ngalawa yake ikaokotwa tupu. Mwili haukuonekana. Mkewe, Mwatima, akakataa kukaa eda. Alisema kila adhuhuri, jua likiwaka, anamwona mumewe kwa mbali, amesimama kwenye fungu la mchanga la Shungimbili. Watu walisema amerukwa na akili. Mimi nilimuunga mkono, maana wifi akikaa eda ndiyo kaka amekufa, na sikuwa na kaka mwingine.

Mnara wa taa wa Ras Mkumbi ulitunzwa na Ndugu Wilbrod, mtu wa bara aliyesomea vioo Urusi. Alijisumbua huyo bwana! Badala ya kupumzika, akawa anatengeneza darubini yenye kioo chembamba kinachopindika, kimejaa skrubu nyuma. Hewa ya moto inatikisa mwanga, alisema, ndiyo maana vitu vya mbali vinachezacheza. Ukikisukuma kioo hapa kidogo na pale kidogo, kikapinda kinyume cha hewa, picha inatulia.

Mwatima akamwomba amtazamie mumewe.

"Nahitaji kitu ninachojua umbo lake," alisema Wilbrod. "Nikikinyoosha hicho, vya jirani yake vyote vitakuwa vya kweli."

"Mume wangu namjua. Bega la kushoto limeshuka."

Wilbrod alimhurumia, akakubali, na huruma yake ikatuponza. Alikaza na kulegeza skrubu huku wifi akichungulia: bado, bado, hapo hapo. Kisha nikachungulia mimi, nikamwona Matano. Nililia kwa furaha, nikachinjisha jogoo. Wanaume wakaenda Shungimbili na mashua, wakarudi wamenuna. Hapakuwa na mtu.

Wilbrod hakugusa chakula. "Nimekipinda kioo kifuate maneno ya Mwatima," alisema. "Hata mngenitajia mbuzi, angeonekana."

Safari ya pili alichagua mti wa mkandaa ambao wavuvi waliusimika pembeni mwa fungu, wa kufungia vyombo. Mti ule kila mtu aliujua umenyooka. Yalikuwa maji ya bamvua, yamejaa, fungu lote limefunikwa, mti umebaki kichwa tu. Wilbrod alihangaika na skrubu mpaka kichwa kile kikatulia, akampisha Mwatima.

Wifi alichungulia muda mrefu. 

"Hayupo," alisema. "Kamwambieni baba, leo nakaa eda."

Akaelekea kwenye ngazi za mnara. Nilikasirika, nikaona amemchoka kaka yangu upesi mno. Nikamsukuma Wilbrod, nikaweka jicho langu.

Mti ulikuwa umetulia, hauchezi hata chembe. Kando yake alisimama Matano, bega la kushoto limeshuka, amevaa shuka yake ya kazini. Chini yake hapakuwa na mchanga. Alisimama juu ya maji, na shuka ilikuwa kavu. Alikuwa anatutazama.

Nilishuka mbio. Nilimkuta Mwatima katikati ya ngazi, ameegemea ukuta.

"Wifi," nikamwambia, "yupo."

"Najua," alisema. "Tumemsimamisha sana. Tumwache apumzike."