Jina Lako Nani, Again?

Gillian aliingia jikoni mwa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, koti likimchuruzika mvua, akaniambia amechoka. Haji tena kumwona mama yake, Muriel.

"Hanijui, Ida." Hapa Burnley, Uingereza, jina langu la Mwanaidi walilikata kichwa tangu siku ya kwanza, nami nimewasamehe. Ukiogesha wazee wa watu miaka ishirini na miwili, utazoea mengi. "Naendesha gari saa nzima kuja kuulizwa jina na mama yangu mzazi!"

"Anakuulizaje?"

"Si anauliza tu. Jina lako nani, again?"

Nikaweka birika chini. "Hebu rudia hilo neno la mwisho."

"Again. Kwani vipi?"

Jamani! Kazaliwa na lugha yake, hajui alicho nacho. Mimi nilipofika niliambiwa again ni tena, basi. Mtu akiniuliza jina hivyo, nalitaja mara mbili, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwaka mzima ukapita ndipo nikang'amua kuwa pale si tena, ni vile. Jina lako nani vile? Yaani nilikuwa nalijua, limeniponyoka.

Nikamwambia Gillian: "Daktari akija, Muriel humwambia, 'Wewe nani?' Kasisi naye, 'Wewe nani?' Mimi ninayemvisha soksi kila asubuhi, 'Wewe nani?' Hiyo again sijapata kuisikia ila akikuuliza wewe."

"Adabu tu hiyo, Ida. Mama alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa akisimama langoni na saa mkononi, na mchelewaji wa kila siku nilikuwa mimi, mwanawe."

"Adabu? Basi mimi mbona hanipi hata punje?"

Akacheka huku anajifuta macho. "Wewe mbishi."

"Mbishi, tena sana. Njoo Jumapili saa tisa kama kawaida. Nikikosea kwamba anakujua, usije tena, nami sitafungua mdomo."

Hakuahidi kitu.

Jumapili ikafika. Baada ya chakula Muriel aligeuza kiti chake kikaelekea saa ya ukutani, kama afanyavyo kila Jumapili. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu, Gillian hajaonekana. Nikampelekea chai na biskuti.

"Kunywa, mpenzi, inapoa."

"Wewe nani?"

"Mwanaidi."

"Mbona unanizibia? Sioni saa."

Nikasogea. Kusema kweli nilianza kuogopa. Nilikuwa nimejitapa mno, na sasa huyu mama angekaa hapo kila Jumapili akitazama ukuta, akimngoja mtu ambaye hata jina lake hana.

Saa kumi kasorobo mlango ukafunguka. Gillian, macho mekundu, koti limelowa mvua.

"Nilikuwa kwenye gari hapo nje," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tangu saa tisa. Miguu imekataa kushuka."

Akamwendea mama yake, jina lake keshaliweka mdomoni tayari, maana swali analijua. Muriel akamtazama tangu kichwani hadi viatuni. Akaitazama saa. Akamrudia.

"Umechelewa," alisema. "Again."

Gillian akabaki kasimama. Mimi nikashika trei kwa mikono miwili. Hii haikuwa vile. Hii ilikuwa tena kavu ya langoni, na huwezi kumwambia mtu amechelewa tena kama hukumbuki alivyochelewa kwanza.

"Samahani, Mama," alisema Gillian.

"Kaa. Vua hilo koti, limelowa." Muriel akamsogezea chai yake mwenyewe. Kisha akakunja uso, akatafuta, akakosa. "Na jina lako nani, again?"

"Gillian." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Halafu akalitaja mara ya pili, kama mimi enzi zile za ugeni wangu, na safari hii hakuna aliyecheka. "Gillian, Mama."