Kioo cha Katikati

Wenzake gatini walimwita Kucha, kwa sababu hakuwahi kugusa kioo cha boti kabla ya kukigonga kwa ukucha. Kioo halisi kililia ti, chembamba na kikavu. Plastiki iliitika kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kilicholia alikipulizia dawa kali ya vioo. Kisicholia, kwa kuwa dawa hiyo huipasua plastiki, alikimwagia maji kwanza, kisha siki iliyozimuliwa, akakifuta taratibu kwa kitambaa laini. Walimtania kwamba siku akija mchumba, atamgonga kwanza ajue ametengenezwa na nini.

Siku hiyo aligonga kimoja tu.

Boti aliyoiendesha mjomba wake ilikuwa na vioo vitatu mbele, vyote vimejaa madoa meupe ya maji yaliyokaukia juani. Safari ilikuwa saa kumi na moja, na yeye ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo ya wiki mbili. Akagonga cha kushoto, kikalia. Vitatu hivi si alivijua kama meno yake? Akavipulizia dawa vyote, akaenda kuosha viti.

Aliporudi kufuta, madoa yalitoka kweli. Lakini kwenye kioo cha katikati, kuzunguka kila skrubu, palikuwa na nyufa nyembamba kama vinywele. Akafuta tena. Vinywele vilikuwa ndani ya kioo chenyewe. Akagonga, na sauti nzito ikamwitikia.

Fundi alikuwa amebadilisha kioo hicho yeye hayupo, akaweka plastiki, na hakuna aliyemwambia.

Akajaribu kujidanganya. Ukisimama gatini, mbona kilimeta kuliko vyote? Nani angejua? Mjomba ndiye aliyemwombea kazi, akaapa mbele ya meneja kwamba mpwa wake ana mikono ya kuaminika. Na abiria walikwisha kufika. Mama mmoja alikuwa akimvalisha mtoto wake jaketi la kujiokolea.

Akaketi kwenye kiti cha nahodha, ajihakikishie tu. Safari ya jioni ilielekea magharibi, jua likiwa usoni njia nzima ya kwenda. Mbele yake, mzamiaji wa gati alikuwa majini akifunga kamba ya boya. Kucha alimwona vizuri kupitia kioo cha kushoto. Akasogeza kichwa katikati. Jua likaingia kwenye vile vinywele, kioo kizima kikawa cheupe kama maziwa, na yule mtu akapotea. Akarudi kushoto: yupo. Katikati: hayupo.

"We Kucha, hicho kiti kina mwenyewe," mjomba alisema nyuma yake, ufunguo ukining'inia kidoleni.

Alitaka kusema kwamba madoa yametoka. Ndiyo maneno aliyokuwa nayo mdomoni. Nyuma, hatua za abiria zilianza kusikika kwenye ubao wa kupandia, na zile ndogo za mtoto zikiwamo.

"Usiwashe, mjomba. Keti hapa kwanza, utazame."

Mjomba akaketi. Tabasamu likamfifia. Akasogeza kichwa kushoto, akakirudisha katikati.

"Uligonga?"

"Kimoja tu."

Mjomba hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Kucha kuliko tusi. Aliwaomba abiria washuke wasubiri kidogo, akatoa bisibisi chini ya kiti, akampa.

"Kitoe chote. Leo nitakula upepo. Na wewe utakaa hapa ubavuni mwangu, kwenda na kurudi."

Skrubu zilikuwa kumi na mbili. Kucha alizifungua moja moja, na mjomba hakumsaidia.

Boti ilipoondoka, maji yaliwarukia usoni kupitia lile pengo. Karibu na boya kichwa cha mzamiaji kikachomoza, mkono ukapunga. Mjomba akakata usukani, akampisha mbali. Kucha hakuweza kupunga. Alikuwa amezibana zile skrubu viganjani kwa nguvu mpaka zikamwachia alama.