Mke wa Inspekta

...na neno limeshanitoka, hodi, nimepiga hodi mlangoni pangu mwenyewe, ufunguo ungali kwenye kitasa, na ndani hamna mtu, tangu tumzike mke wangu nyumba hii haina wa kuitikia, binti yangu yuko nyuma yangu na mifuko ya sokoni, anasema, "Baba, unamwita nani? Fungua basi, mikono inakatika," nami sifungui, kwa sababu hivi ndivyo afanyavyo Inspekta, yule mpelelezi wa riwaya ambaye hata wasiosoma wanamjua, kila kitabu anarudi kwake amechoka, anapiga hodi, anaingia, anakaa peke yake, na mwandishi haelezi kitu... mimi na mke wangu tulikuwa tunamwandikia wasifu, yale maisha ambayo vitabu vimeyaruka, alizaliwa wapi, nani alimfundisha kunyamaza, na tulipofika sura ya ndoa tukagombana, mimi niliandika hakuoa, nikasema hodi ile ni tahadhari ya kazi, huenda mwizi yumo ndani, akacheka mpaka akashika mbavu, "Mwizi gani anapigiwa hodi, profesa wangu? Huyu alifiwa," nikamwuliza ushahidi uko wapi, kwa sauti ile ya kusahihisha mitihani, akasema, "Ulimi wake," akageukia ukutani akalala... na sura imebaki vile vile, mhariri anaingoja kesho, asubuhi hii nilikuwa tayari kuipeleka, hakuoa, nukta... lakini mke wangu aliyaonaje haya, yeye ambaye hakuwahi kufiwa na mume, amejilaza tu na kitabu kifuani, akamsoma mtu asiyekuwepo mpaka akafika mahali ambapo mimi nimefika sasa hivi, kwamba mwili wote umekwisha kukubali kuwa mwenzako hayupo, miguu, mikono, hata sikio, ulimi bado, "Baba, unaumwa?" "Hapana, mama, subiri kidogo," anashusha mifuko chini, anashusha pumzi pia, maskini, nami namwona mke wa Inspekta, hayumo kwenye ukurasa hata mmoja na vitabu vyote vimemzunguka, nilivisoma vyote na kalamu mkononi nisimwone, mfupi, sauti kubwa kuliko umbo lake, kesho mhariri angoje tu, nitaandika alioa, na sitaishia hapo, nitamtoa chumba cha nyuma akijifuta mikono kwenye gauni, akimfokea mumewe, wewe, mbona leo umechelewa...