Ganzi Ilipopita Mpaka

Hospitalini walimwita Mama Barafu, maana hakuna mgonjwa aliyeguswa kwa wembe kabla yeye hajampitishia kipande cha barafu mwilini, aone ganzi imefika wapi. Kazi ya usingizi na ganzi aliifanya miaka kumi na tisa, na wapasuaji walimheshimu huku wakimnung'unikia.

Asubuhi moja kwenye meza ya upasuaji alilala mama mmoja mfupi wa kimo, aliyekuja kujifungua mtoto wa pili kwa upasuaji. Kwa yule wa kwanza alipasuliwa ganzi haijakolea.

"Dada yangu," alimshika mkono, "usiwaruhusu mpaka niwe gogo."

"Hawakugusi, mdogo wangu."

Kwa kuwa kwa mtu mfupi dawa hupanda juu upesi, Mama Barafu alimchoma dozi ndogo kwenye uti wa mgongo, akaacha mrija mwembamba mgongoni wa kuongezea dawa ikibidi. Dakika kumi zikapita. Barafu pajani: hahisi kitu. Kitovuni: hahisi. Juu kidogo ya kitovu, akashtuka. "Baridi!" Ganzi ilikuwa haijafika kifuani inapotakiwa.

Mpasuaji alikuwa ameshanawa, mikono juu. "Mapigo ya mtoto yanashuka. Tunangoja nini, mwezi uandame?"

Mama Barafu akasukuma maji ya chumvi mrijani, yaibane ile dawa ya kwanza ipande. Ilimpasa angoje dakika tano ndipo apime tena. Alingoja mbili, na mapigo ya mtoto yalipozidi kulegea, akaongeza dawa ya ganzi yenyewe. Haraka haraka haina baraka. Alilijua hilo, lakini mkono ulikuwa umeshasukuma.

Barafu mbavuni: hahisi. Kifuani: hahisi.

"Anza," akasema.

Ganzi haikusimama hapo.

"Dada, vidole vyangu vinakufa ganzi."

"Nibane mkono." Alibanwa kama na kichanga. Mashine ikaanza kulia. Presha ilikuwa imeporomoka. Midomo ya mgonjwa ikatamka "Sipumui," bila sauti. Macho tu ndiyo yaliyobaki na nguvu, yakimng'ang'ania.

"Ninakupumulia mimi. Sasa nakulaza." Akampa dawa ya presha, akamlaza usingizi, akapitisha mrija wa hewa kooni na kuanza kubinya mfuko wa hewa kwa mkono wake mwenyewe. Jasho lilimtiririka mgongoni. Ng'ambo ya pazia mtoto alitolewa kimya. Kimya kikazidi. Kisha akalia, kwa hasira.

Saa mbili na nusu zilipita kabla kifua cha mama hakijainuka chenyewe. Mama Barafu hakuondoka hata kunywa maji.

"Nilijua nimekwenda," mgonjwa alisema kwa sauti iliyokwaruza baadaye wodini, mtoto ubavuni.

"Hata mimi niliogopa hivyo. Kosa ni langu. Niliongeza dawa kabla ya wakati wake, na nimeliandika hivyo kwenye faili."

"Mume wangu akiuliza, nimwambie nini?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Mama yule alimvuta mwanawe karibu, akageukia ukutani.