Gita la Nyuzi Tatu

Mama alikuwa ameketi kitandani, amelipakata gita la bintiye kama nguo iliyokwisha kushonwa, mkasi mkubwa mkononi. Nyuzi nne nyembamba zilikuwa zimekatwa, zimejikunja kama ndevu za mahindi.

"Uliziacha zinaning'inia," alisema bila kuinua macho. "Nguo haitoki kwa fundi na nyuzi zake. Mteja atasema nini?"

Binti, ambaye wenzake wa bendi walimwita Kimya, alisimama mlangoni, taulo begani. Alingoja hasira ije. Haikuja. Alingoja machozi, nayo yakapita njia nyingine. Tangu maradhi ya kusahau yaanze kumla mama yake, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa kutwa: upo mwilini, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine.

"Ahsante, Mama," alisema. "Nipe mkasi nikauweke."

"Uuweke pakavu. Usije ukashika kutu."

Ilikuwa Jumapili, duka la vyombo vya muziki limefungwa, na mazoezi yalikuwa alasiri ile ile. Kimya alikwisha kuyakosa mara nyingi kwa ajili ya mama. Kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta asiye na maneno mengi, alikuwa amemwambia wazi: akikosa tena, watatafuta mpiga gita mwingine.

Kamba hukatikia pabovu, husema watu. Hizi zilikatikia palipo pazima. Alipekua mfuko wa gita akapata uzi mmoja wa akiba. Akaufunga, akaukaza, akausikiliza. Pamoja na zile mbili nene zilizoushinda mkasi, zikawa tatu. Kisha akamvisha mama viatu, akamshika mkono. Hakuthubutu tena kumwacha peke yake.

Walifanyia mazoezi katika ghala tupu nyuma ya karakana ya magari. Mpiga ngoma alipoliona gita, alicheka.

"Dada, hilo limeng'olewa meno?"

"Tuanze tu," Kimya alisema.

Kiongozi alilitazama gita, akamtazama mama. Alivuta kiti karibu na ngoma, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akamkaribisha mama.

Walipiga. Kimya aliziacha sauti alizozizoea, akaokota chache zilizobaki, na palipokuwa na pengo akaliacha wazi. Tarumbeta ikawa inapita humo taratibu, kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Vidole vilifanya kazi yao. Mwenyewe hakuwapo.

Wimbo ulipokwisha, mama alimwinamia mpiga ngoma.

"Yule binti anapiga vizuri. Mama yake ni nani?"

Fimbo za mpiga ngoma ziliganda hewani. Alimtazama Kimya, kicheko chote kimemwisha.

"Ni fundi cherehani," Kimya alijibu.

"Fundi?" Uso wa mama ulichangamka. "Wa mtaa gani?"

"Huu huu wetu."

"Basi namjua. Sisi mafundi tunajuana." Mama aliegemea kiti, akatabasamu. "Ana bahati, huyo."

Kiongozi alihesabu kuanzisha wimbo uliofuata. Wote waliingia, isipokuwa Kimya, ambaye machozi yalikuwa yamemfikia hatimaye. Basi kiongozi akaishusha tarumbeta, akangoja, wala hakumharakisha.